Umenunua ardhi ya marehemu Dodoma na msimamizi wa mirathi anakugeuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria huja na bahasha ya kaki. Ndani kuna mkataba wa kurasa mbili, kivuli cha hati chenye jina la mtu aliyekwisha kufa, na muhtasari wa kikao cha familia uliojaa sahihi. Fedha zimeshatoka, wakati mwingine mkopo wa kazini au bei ya ng'ombe wa miaka kumi. Na msimamizi wa mirathi hapokei simu.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara, na mifano ni ya Dodoma na wilaya zake. Tunataja sheria kwa majina na namba za Sura, hatutaji namba za vifungu, kwa kuwa Toleo la Sheria la 2023 lililoanza kutumika Julai 2025 limebadilisha mpangilio wa baadhi ya vifungu.

Nimesaini mkataba na msimamizi wa mirathi. Je, mkataba huo una nguvu?

Unaweza kuwa na nguvu kamili. Kinachoamua ni hali ya muuzaji siku ile mliposaini. Chini ya Sheria ya Mirathi na Usimamizi wa Mirathi, Sura 352, mali ya marehemu huwa mikononi mwa msimamizi au mtekelezaji wa wosia aliyethibitishwa na mahakama, naye ana uwezo wa kuuza ardhi. Wasimamizi wanaoteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hufuata Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura 11, pamoja na kanuni za mwaka 1971.

Kwa hiyo swali la kwanza tunalomuuliza mnunuzi ni hili: barua ya usimamizi (ile ya mahakama inayomteua msimamizi) ilitolewa tarehe ngapi, na mkataba una tarehe gani? Wengi hawajawahi kuziweka tarehe hizo mbili pamoja.

Swali la pili: kwenye mkataba muuzaji ameandikwaje? Akiandikwa kwa jina lake tu, kana kwamba kiwanja ni chake, ameuza kitu ambacho kwa jina lake hana. Anapaswa kuandikwa "fulani, akiwa msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani", na namba ya shauri la mirathi iwemo. Maneno hayo machache yameokoa watu, na kukosekana kwake kumewatesa wengine kwa miaka.

Msimamizi wa mirathi na mtekelezaji wa wosia ni mtu yule yule?

Kazi zao zinafanana, chimbuko ni tofauti. Mtekelezaji (Waislamu wengi husema wasii) ametajwa na marehemu mwenyewe ndani ya wosia, kisha mahakama inathibitisha. Msimamizi anateuliwa na mahakama pale ambapo hakuna wosia, au upo lakini haukutaja mtu, au aliyetajwa ameshindwa.

Kwa mnunuzi tofauti hii ina maana moja kubwa. Wosia ukiwepo, usome. Kama marehemu aliandika kwamba nyumba ya Chang'ombe apewe binti yake wa mwisho, na wewe unauziwa nyumba hiyo hiyo, uliza kwa nini. Jibu linaweza kuwa halali, kwa mfano madeni yanayozidi mali nyingine zote. Linaweza pia kuwa hakuna jibu. Na kama mirathi ni ya Kiislamu, kumbuka kwamba wosia hauwezi kupita theluthi moja ya mali.

Aliniuzia kwanza, barua ya usimamizi ikatoka miezi mitatu baadaye. Imekuwaje hapo?

Hapo umesimama pabaya. Msimamizi anapata madaraka yake kutoka mahakamani, na kabla ya uteuzi ni mtoto wa marehemu kama watoto wengine. Sheria haihalalishi kwa urahisi vitendo alivyofanya kabla ya uteuzi vikapunguza mali ya mirathi, na kuuza kiwanja kwa bei hafifu ni kuipunguza. Mtekelezaji wa wosia ana nafuu kidogo, maana wosia ukishathibitishwa madaraka yake huhesabiwa tangu kifo.

Tunachoshauri ni kurudi mezani mapema, kabla ugomvi haujaanza. Akiwa sasa ana barua, aandike mkataba mpya kwa wadhifa wake, unaotaja fedha ulizokwisha kulipa na kuzithibitisha. Wanunuzi huona haya kuomba mkataba wa pili, wanahisi kama wanamdharau mwenzao. Omba.

Tuna muhtasari wa kikao cha ukoo, sahihi kumi na moja na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Hautoshi?

Hautoshi. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, mahakama ndiyo inayoteua. Muhtasari ule ni kiambatisho cha maombi ya mirathi. Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba watu hao walikaa na wanafahamika, hauwapi mamlaka ya kuuza mali ya mtu aliyekufa.

Je, lazima warithi wote wakubali ndipo mauzo yawe halali?

Kisheria, hapana. Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza tangu miaka ya 1990 kwamba msimamizi hawajibiki kupata ridhaa ya kila mrithi kabla ya kuuza mali ya mirathi. Na ina mantiki: ingekuwa lazima, ndugu mmoja mwenye kinyongo angeweza kuzuia mirathi nzima isigawiwe.

Lakini usilichukue jibu hilo ukakimbia nalo. Msimamizi ameteuliwa akusanye mali, alipe madeni, agawe. Anauza kwa ajili ya kazi hiyo. Akiuza kwa bei ya kutupa kwa rafiki yake, akijiuzia mwenyewe kupitia jina la mkewe, au akitafuna fedha, warithi wana haki ya kwenda mahakamani, na mnunuzi aliyejua au aliyefumba macho hatabaki salama. Ndiyo maana, ingawa sheria haikulazimishi, tunawaambia wanunuzi wote wapate maandishi ya warithi watu wazima wakisema wanajua mauzo na bei. Wakiwamo watoto wadogo, tunashauri zaidi ya hapo: msimamizi aieleze mahakama ya mirathi nia ya kuuza kabla hajauza, na amri au maelekezo yawekwe kwenye jalada.

Wakiwapo wasimamizi wawili au watatu, wasaini wote. Tumeona mkataba uliosainiwa na kaka mkubwa peke yake huku barua ya mahakama ikiwa na majina mawili, na dada aliyerukwa ndiye aliyesimama mlangoni siku ya kukabidhi.

Mjane anasema nusu ya nyumba ni yake. Inanihusu?

Inakuhusu sana. Mali iliyochumwa na mume na mke pamoja haiingii yote kwenye mirathi. Sehemu ya mjane ni yake tangu mwanzo, na kinachorithiwa ni sehemu ya marehemu. Sheria ya Ndoa, Sura 29, na Sheria ya Ardhi, Sura 113, zote zinamlinda mwenzi aliyechangia au anayeishi kwenye nyumba ya ndoa. Msimamizi hawezi kuuza asichokuwa nacho marehemu.

Kwa hiyo mjane (au mgane) asaini kwa nafsi yake, mbali na sahihi yake kama mrithi. Na mwende mkamwone yeye mwenyewe nyumbani kwake. Wajane wengi wanaofika kwetu walisikia kwamba nyumba imeuzwa siku mnunuzi alipokuja na fundi kupima msingi.

Wanaume wa ukoo wanasema mtoto wa kike hana sauti kwenye shamba la baba.

Watasema. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, iliamua kwamba mila inayomnyima mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, huku ikimruhusu mwanamume, inagongana na haki zilizomo kwenye Katiba. Binti anaweza kuwa mrithi, na anaweza kuwa msimamizi. Tunao mabinti wasimamizi kutoka Kongwa na Mpwapwa wanaofanya kazi hiyo vizuri kuliko kaka zao.

Msimamizi anasema bei imepanda, eti nichukue fedha zangu au niongeze. Naweza kumlazimisha aniuzie kwa bei tuliyoandikiana?

Hili ndilo swali kubwa la Dodoma. Tangu Serikali ilipohamia hapa, na Dodoma kutangazwa jiji Aprili 2018, ardhi ya Ihumwa, Mtumba, Iyumbu, Nala na Msalato haikubaki kama ilivyokuwa. Mtu alisaini kwa bei ya mwaka ule, akalipa nusu, akasubiri mirathi imalizike. Mirathi ikachukua miaka mitatu. Sasa dalali amemnong'oneza msimamizi bei mpya, na warithi wanamuuliza kwa nini auze kwa hasara.

Kupanda kwa bei peke yake hakuvunji mkataba. Aliyekubali bei ameikubali, na Sheria ya Mikataba, Sura 345, inamtaka kila upande utimize ahadi yake. Mahakama au baraza la ardhi linaweza kuamuru mkataba utekelezwe kama ulivyoandikwa, yaani ardhi yenyewe ihamishwe, badala ya kukurudishia fedha tu. Sababu iko wazi kwa yeyote anayeijua ardhi: kiwanja kilichoko kando ya barabara ya lami hakifanani na kingine, na fedha za 2019 hazinunui leo ulichokiona 2019.

Amri hiyo haitolewi kwa kila anayeiomba. Wenye kuamua watatazama mambo kadhaa, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoangukia.

Kwanza, maandishi. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuhamisha milki uwe wa maandishi, au pawepo maandishi yanayoonyesha masharti yake, na yule unayemdai awe amesaini. Makubaliano ya mdomo chini ya mwembe, hata yakiwa na mashahidi saba, yanakuacha ukidai fedha zako, siyo kiwanja.

Pili, kiwanja kijulikane. "Kipande cha shamba lililoko Nzuguni, upande wa juu" hakitekelezeki. Namba ya kiwanja na kitalu, au mipaka na vipimo pamoja na majirani kwa majina, ndicho kitu ambacho mtu anaweza kuamriwa akikabidhi.

Tatu, wewe mwenyewe umefanyaje? Ulipaswa kulipa salio Juni, ukalipa Novemba? Ulikaa kimya miaka minne ukisubiri wao wakutafute? Anayeomba mwenzake atimize ahadi aonyeshe kwamba yeye ametimiza yake, au yuko tayari na fedha anazo. Mnunuzi aliyeandika barua, akaiwasilisha kwa msimamizi akapata sahihi ya kupokelewa, akasema "salio liko benki, nijulishe siku ya kusaini fomu za uhamisho", amejijengea ushahidi mkubwa. Simu na ujumbe wa simu hifadhi pia, ila barua ina uzito wake.

Nne, bei ilikuwa ya haki siku ile? Hapa ndipo msimamizi mwenyewe, au warithi kwa mgongo wake, watakapopiga. Wakionyesha kwamba hata kwa mwaka ule bei ilikuwa nusu ya thamani, na kwamba uliijua shida yao ya madeni ya hospitali ukaitumia, usishangae baraza likiona fedha inatosha. Taarifa ya mthamini ya wakati wa kununua ni ngao nzuri, ingawa inagharimu.

Mikataba mingi ina kifungu kinachosema muuzaji akivunja atarudisha fedha na nyongeza ya asilimia kadhaa. Msimamizi atakwambia kifungu hicho kinampa hiari ya kuuza au kuacha. Soma kilivyoandikwa. Mara nyingi ni fidia ya kuvunja ahadi, na bado unaweza kudai ardhi. Ukiishia kuchukua fidia, fahamu kwamba chini ya Sura 345 kiwango kilichotajwa ni ukomo: mahakama inatoa fidia inayofaa isiyozidi hapo.

Wakati shauri linaendelea, usiache mlango wazi. Kama ardhi ina hati, omba zuio liandikwe kwenye daftari kwa Msajili wa Hati, ili asije mtu mwingine akasajiliwa. Na kwenye baraza omba amri ya muda ya kuzuia kuuza au kujenga. Kiwanja kikishahamia kwa mtu wa tatu aliyenunua kwa nia njema na kusajiliwa, mara nyingi unabaki na madai ya fedha dhidi ya mirathi isiyo na kitu tena.

Kilichotolewa ni kishika uchumba tu, mkataba hatukusaini.

Basi una risiti. Dai fedha yako irudi. Kama risiti yenyewe inataja kiwanja, bei na masharti, na muuzaji amesaini kwa wadhifa wake, njoo nayo tuisome, huenda inatosha kuwa maandishi ya makubaliano.

Marehemu mwenyewe ndiye aliyeniuzia, akafa kabla hajahamisha hati. Watoto wanasema mkataba ulikufa naye.

Haukufa. Sheria ya Mikataba inasema ahadi za mtu aliyefariki zinawafunga wawakilishi wake, isipokuwa mkataba wenyewe uonyeshe vinginevyo. Kuhamisha kiwanja hakuhitaji mkono wa marehemu mwenyewe kama kuchora picha, kwa hiyo msimamizi analazimika kumalizia. Kwenye orodha ya mali ya mirathi, kiwanja chako kionekane kama mali yenye deni: marehemu anadaiwa uhamisho, wewe unadaiwa salio kama lipo.

Shida kubwa ya mkasa huu ni familia kutofungua mirathi kabisa, na huwezi kumshitaki marehemu wala mtoto wake ambaye si msimamizi. Pale ndugu wanapokataa kwenda mahakamani, mtu mwenye maslahi, akiwamo mdai wa marehemu, anaweza kuomba uteuzi ufanyike. Mahakama ya Mwanzo inaweza kumteua hata mtu asiye ndugu akionekana mwadilifu. Na tangazo la mirathi likitoka, usingoje. Nenda na mkataba wako siku iliyopangwa.

Hati bado ina jina la marehemu, na ni ya enzi za CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu).

Hatua ni mbili, na watu huruka ya kwanza. Msimamizi anapeleka barua yake ya usimamizi kwa Msajili wa Hati ili jina la marehemu litoke na lake liingie, akitajwa kama msimamizi. Baada ya hapo ndipo anapokuhamishia wewe kwa fomu namba 29, 30 na 35, pamoja na ridhaa inayotakiwa. Mkataba wako uliweke jukumu la hatua ya kwanza kwa muuzaji, na tarehe ya mwisho.

CDA iliundwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017. Hati zake nyingi zilikuwa za miaka 33, kisha ikaagizwa kwamba wamiliki wapewe za miaka 99. Piga hesabu mwenyewe: hati iliyoanza 1988 kwa miaka 33 ilikwisha 2021. Kama marehemu hakuibadili, unanunua madai ya kuhuishiwa milki, na deni la kodi ya pango la ardhi linaweza kuwa limelala miaka mingi. Fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa kabla ya kulipa chochote. Kivuli cha hati alichokutumia dalali kwa simu hakikuonyeshi rehani wala zuio.

Ni shamba la zabibu kijijini, halina hati.

Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura 114, na hapo halmashauri ya kijiji ina neno la kusema. Mahakama zimekuwa zikirudia kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Barua ya usimamizi, hata ikiwa safi kiasi gani, haiondoi hitaji hilo. Ukinunua Chamwino, Bahi au Chemba, pata muhtasari wa kikao cha halmashauri kilichoridhia, wenye jina lako. Sahihi ya mwenyekiti peke yake kwenye mkataba siyo kikao.

Kwenye mashamba ya zabibu ongeza jambo moja: nani anavuna msimu huu? Mizabibu inazaa mara mbili kwa mwaka, na tumeona mkataba mzuri ukiharibika kwa sababu ya mavuno ambayo hakuna aliyeyataja.

Uteuzi wa msimamizi aliyeniuzia umetenguliwa. Na mimi nimetenguliwa?

Siyo moja kwa moja. Aliuza akiwa bado na madaraka, wewe ukanunua kwa nia njema na kwa thamani halisi, basi una hoja nzito. Msimamizi mpya anapokea mirathi ikiwa na mali zake na majukumu yake, mkataba wako ukiwamo. Lakini ikiwa uteuzi ulipatikana kwa udanganyifu (cheti cha kifo cha kughushi, warithi waliofichwa) na wewe ulijua, nia njema huna. Angalia pia kama mahakama iliyomteua ilikuwa na mamlaka. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Mirathi nyingine huenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu.

Aliniuzia baada ya jalada la mirathi kufungwa.

Baada ya hesabu kukubaliwa na jalada kufungwa, kazi yake imekwisha. Mwenye kuuza sasa ni mrithi aliyegawiwa kiwanja hicho. Mtafute huyo.

Nashitaki wapi?

Tenganisha kwanza ugomvi wako. Ukiwa unalalamikia uteuzi, ugawaji au hesabu za msimamizi, mahali pake ni mahakama ya mirathi iliyofungua jalada. Ukiwa unadai mkataba wa ardhi utekelezwe, njia ni ya migogoro ya ardhi, chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura 216.

Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu, linasuluhisha. Lakini lazima upite hapo. Likishindwa kuwapatanisha, au siku 30 zikipita, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza hilo lina ukomo wa shilingi milioni 300 kwa madai ya kurejeshewa ardhi au nyumba, na milioni 200 kwa madai mengine yanayopimika kwa fedha. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Ukilazimika kuunganisha Jiji, Kamishna wa Ardhi au Msajili, jambo hilo limekuwa shauri dhidi ya Serikali: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na liende Mahakama Kuu. Watu wamepoteza miaka miwili kwa kukosea hapa tu.

Na umshitaki msimamizi kwa wadhifa wake. Mahakama ya Rufani imeshasisitiza kwamba shauri linalohusu mali ya marehemu lionyeshe wazi kuwa mhusika anashitaki au anashitakiwa kama msimamizi wa mirathi. Tunarudisha rasimu nyingi kwa kosa hilo la mstari mmoja.

Nina muda gani?

Madai ya mkataba ni miaka 6 tangu ulipovunjwa. Madai ya kurejesha ardhi ni miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu saa inaweza kuhesabiwa tangu siku ya kifo, hata kama msimamizi ameteuliwa juzi.

Nimemripoti polisi. Nisubiri?

Kama aliuza bila kuwa msimamizi, au aliuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, kuna jinai na ni haki yako kuripoti. Ila kesi ya jinai haikupi kiwanja. Endesha madai yako ya ardhi sambamba, miaka ile 6 haisimami kwa sababu una namba ya jalada la polisi.

Nimeshinda, lakini anakataa kusaini fomu za uhamisho.

Omba kukaza hukumu. Hati au fomu ambayo mdaiwa ameamriwa asaini na akakataa inaweza kusainiwa kwa amri ya mahakama kwa niaba yake, na Msajili akaipokea. Tumewahi kuona mtu amekaa na hukumu sandukuni akidhani imekwama kwa kukosa sahihi moja.

Kodi analipa nani?

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, yaani mirathi, na kwa mkazi msingi wake ni asilimia 10 ya faida. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi. Bila uthibitisho wa TRA uhamisho hausajiliwi, kwa hiyo mkataba useme fedha ya kodi itakatwa kwenye bei kabla warithi hawajagawana. Ikishagawanywa, kuikusanya tena kutoka kwa ndugu tisa ni kazi ya kukatisha tamaa. Viwango na misamaha huguswa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo uliza TRA mwezi huo huo unaouza.

Mimi ndiye msimamizi. Niliuza kwa nia njema, na sasa ndugu wananiita mwizi.

Jibu lako liko kwenye karatasi. Msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni, fomu namba 5, ndani ya miezi minne ya uteuzi, na hesabu kwenye fomu namba 6. Kwa mirathi ya Sura 352 orodha ni ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka. Kama umechelewa, omba muda, usijifiche. Onyesha kiwanja kiliuzwa kwa nini, kwa bei gani, fedha ikapita benki ipi, ikalipa deni gani, na nani alipokea nini. Na mnunuzi usimkimbie. Kila siku unayomkwepa inamfanya aonekane ameibiwa, na wewe uonekane ndiye uliyeiba, hata kama hukugusa senti.

Nije na nini?

Mkataba wenyewe, siyo picha. Barua ya usimamizi, fomu namba 4 kama ni Mahakama ya Mwanzo. Risiti au taarifa za benki. Kitu chochote chenye namba ya kiwanja. Kama hujui namba ya shauri la mirathi, leta jina kamili la marehemu na mahali alipokuwa akiishi, tutakwenda pamoja kwa karani wa mahakama ya eneo hilo tukaombe kulisoma jalada. Majalada ya Mahakama ya Mwanzo yameandikwa kwa Kiswahili, utasoma mwenyewe. Kama bado hujalipa, hapo ndipo uanzie, kabla ya kwenda kwa dalali tena.